Mpiga Picha wa Jua Kutoka Mwaya

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni hapa Mbeya, nikichagua nyanya. Simu ilitetema mfukoni, nikasoma ujumbe, nikairudisha simu mahali pake, nikaendelea kuchagua. Niliulizia hata vitunguu. Nilipofika nyumbani nikaziosha zile nyanya, nikazipanga kwenye bakuli, na ndipo nilipomwambia mke wangu kwamba yule mwenzetu wa Mwaya, yule anayepiga picha za jua, amefariki huko huko ng'ambo kwenye darubini zake, kwa ugonjwa ambao haukumpa hata nafasi ya kuaga. Mke wangu aliweka mikono kichwani. Mimi nilikuwa nimesimama tu, nimeshika bakuli. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba sina machozi ya karibu, lakini safari hii hata mimi nilijishangaa. Nimewakumbuka marehemu wengi katika safu hii, wengine niliwajua kwa kupeana mikono tu, na karibu kila mara kuna mahali kalamu ilikwama. Leo haijakwama. Inatiririka kavu tangu asubuhi, kana kwamba ninaandika maelezo ya kunywa dawa ya mafua. Mtanisamehe, ndivyo nilivyo wiki hii.

Sitasema alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ingawa kumzika nimemzika. Tulisoma sekondari moja, darasa moja, kisha kila mtu akashika njia yake, na kwa miaka mingi tukawa watu wa kuonana anapokuja likizo. Alizaliwa Mwaya, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye nyumba ya mpunga, migomba na kakao. Baba yake alifariki mapema na mama akamlea peke yake, mtoto huyo mmoja. Shuleni tulimjua kwa tabia moja ya ajabu: hakuweza kuvumilia kioo kichafu. Mwanafunzi akiwa amevaa miwani yenye alama za vidole, yeye aliinyakua usoni mwake bila kuomba, akaifuta kwa pindo la sketi, akairudisha, huku akimgombeza: "Unawezaje kuishi humo ndani?" Mwalimu wetu wa fizikia alifutiwa miwani namna hiyo mbele ya darasa zima, na hakusema kitu kwa sababu, kama alivyokiri baadaye, ubao ulikuwa umeonekana vizuri kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Akafaulu, akapata ufadhili, akaenda nje, na baada ya shule nyingi ambazo majina yake siyakumbuki akaishia juu ya mlima wa kisiwa kimoja cha mbali, penye darubini kubwa ya kutazama jua.

Tuelewane kwanza kazi yenyewe ilikuwa nini, maana huko nyumbani wengi waliishia kusema "anatazama jua" na kumwonea huruma ya macho. Jua, mbali na kutupa mwanga na joto, limejaa sumaku. Si sumaku moja ya kaskazini na kusini kama ile tuliyochezea misumari shuleni. Ni sumaku nyingi zilizosokotana, zinazochomoza juu ya uso wake na kuzama tena. Zikikaza sana mahali fulani huzuia joto lisipande kutoka chini, na hapo panaonekana doa jeusi. Zikikatika na kuunganika upya kwa ghafla, jua hurusha mlipuko ambao ukielekea kwetu unaweza kuvuruga setilaiti, redio za ndege na hata umeme wa majumbani. Sumaku yenyewe haionekani. Ila nuru inayotoka mahali penye sumaku huwa imebadilika kidogo, na mwenye vyombo vya kutosha anaweza kusoma mabadiliko hayo na kuchora ramani ya sumaku iliyoyaleta. Huo ndio uliokuwa ugali wake wa kila siku. Alitaka ramani hiyo iwe kali, ionyeshe nyuzi nyembamba kabisa ambazo waliomtangulia waliziona kama ukungu.

Adui yake alikuwa hewa. Kila aliyewahi kutazama barabara ya lami mchana wa jua kali ameona jinsi vitu vya mbele vinavyotetemeka kana kwamba viko chini ya maji. Mtu wa jua anatazama kupitia hewa hiyo hiyo, tena wakati wa joto, kwa sababu jua halina saa nyingine ya kutazamwa. Ndiyo maana darubini za namna hiyo hujengwa vileleni au kandokando ya maziwa. Maji hayapati moto haraka kama udongo, na hewa iliyo juu yake hutulia. Kule kisiwani walikuwa pia na kioo kinachojipinda na kujinyoosha mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, kikifuata michezo ya hewa na kuifuta kabla picha haijapigwa. Aliponieleza habari ya kioo hicho nilidhani ananitania. "Nkamu," aliniambia, kwa neno letu la kuitana ndugu, "mimi na kioo hatuna utani." Na kweli hawakuwa nao.

Likizo moja aliombwa aonyeshe picha zake kanisani kwao baada ya ibada. Wakatundika shuka jeupe ukutani, madirisha yakazibwa kwa vitenge, na watu wakabanana mpaka mlangoni. Picha ya kwanza ilikuwa ya uso wa jua kwa karibu: punje za rangi ya dhahabu, zimejipanga ubavu kwa ubavu, na kila punje, alisema, ingeimeza Tanzania nzima na nafasi ikabaki. Mama mmoja wa benchi la mbele akasema kwa sauti ya kutosha, "Huo ni wali. Tena wa hapa hapa Kyela. Hamwoni punje hazijashikana?" Kanisa zima likaangua kicheko. Yeye naye alicheka, kisha akamwambia yule mama kwamba amepatia, kwa sababu kile kinachoonekana kinatokota kweli, joto linapanda katikati ya kila punje na kushuka pembeni. Ikaja picha ya doa jeusi, limezungukwa na nyuzi nyingi kama kope za jicho. Mzee mmoja akauliza, "Hapo umeungua?" Akamjibu, "Hapana, baba. Hapo haujaiva. Sumaku imeukalia moto usipande." Mzee hakuridhika. "Hizo sumaku wewe umeziona kwa macho yako?" "Sijaziona, baba. Hakuna aliyeziona. Ninaona zilichofanya." Mzee akaguna, akasema hata Mungu anahubiriwa hivyo hivyo, na mchungaji akakohoa.

Mama yake alikuwa amekaa benchi la pili, amevaa sare ya umoja wa akina mama. Nilikuwa pembeni na nilimwona vizuri. Hakuliangalia lile shuka hata kidogo. Alikuwa amegeuka nyuma muda wote, akiwatazama watu wanavyomtazama mwanawe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wenzake wa kazini walikuwa na mpango wa kuweka darubini ndogo za sumaku ya jua kuizunguka dunia, ili jua likizama kwa huyu liwe limeshachomoza kwa yule, lisikose mtu wa kulitazama. Upande wetu wa Afrika palikuwa na pengo. Kamati ikakaribisha mapendekezo ya mahali, na kila aliyependekeza alitakiwa kuweka kipimo cha hewa kwa kiangazi kizima. Yeye akapendekeza Mwaya. Nilimwambia bila kumficha kwamba amechagua sehemu yenye mvua kuliko karibu nchi yote, na kwamba kamati itamcheka. Akanijibu kwamba mvua za Kyela hazimfahamu zaidi ya anavyozifahamu yeye, aliyekua akikimbia kuanua kakao kila wingu lilipokohoa, lakini kiangazi chetu ni kisafi, ziwa liko mlangoni, na mtu anaruhusiwa kuomba kazi ya kwao. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa moyoni mwake. Alitaka kurudi nyumbani bila kuiacha kazi. Na mama yake, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akipika kwa ajili ya mtu mmoja, alitaka jambo hilo hilo, kwa nguvu ambayo ilikuwa inatisha kidogo kuiangalia.

Kipimo kilikuwa kidarubini cha urefu wa mkono, juu ya nguzo fupi, kikililenga jua tangu linapopanda juu ya Milima ya Livingstone hadi alasiri, na kupima ukingo wake unatikisika kiasi gani. Ukingo ukitulia, hewa imetulia. Kilijiendesha chenyewe kwa nguvu ya jua hilo hilo na kutuma namba zake kwa mtandao wa simu. Kilihitaji mahali palipo wazi kuelekea ziwani, na mahali hapo palikuwa na mikakao ya mama, mikubwa, inayozaa. Mama hakuombwa mara mbili. Aliita watu wakaikata yote ya upande wa ziwa, na magogo yake akayapikia. Binti akasimika chombo katikati ya majani, akamwambia mama yake, "Hiki ndicho kitakachonirudisha, mama. Kitunze," akapanda ndege kurudi kazini kwake.

Mwanzoni namba zilikuwa nzuri mno. Alinipigia simu akipiga kelele kama msichana wa shule, akaniambia kwamba asubuhi za Mwaya zinashindana na mahali ambapo watu wametumia maisha yao kupatafuta. Nilimtania kwamba aanze kuangalia kiwanja cha kujenga. Halafu, kiangazi kilipokolea, namba zikaanza kuharibika. Jua lilipanda vizuri, lakini kabla hata ya saa za chai ukingo wake ulianza kucheza, na kufikia adhuhuri ulikuwa unaruka kama kifuniko cha sufuria. Akadhani nguzo imelegea. Akadhani lenzi imeshika vumbi, au watu wanachoma mabua ya mpunga jirani. Akampigia mama yake simu, mara hii na mara ile. "Chombo kizima, mama? Hakuna aliyekigusa?" Na mama akamjibu kila mara kwa furaha ile ile: "Hakuna wa kukigusa. Pako safi kabisa, mwanangu. Wewe fanya kazi."

Kiangazi kilipoisha alikuja kukichukua chombo chake, na mimi ndiye niliyempeleka Mwaya kwa gari langu. Mama alitupokea barabarani. "Mwaghonile," tukamsalimu, naye akatuitikia, akatutangulia haraka haraka kwa sababu alikuwa na kitu cha kutuonyesha. Tukapita migomba, tukatokea upande wa ziwa, na rafiki yangu akasimama. Majani yote aliyoyaacha hayakuwepo. Palikuwa na uwanja mkubwa wa udongo mtupu, umefagiwa mpaka unang'aa, mgumu kama sakafu, umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa na maua mekundu kwenye pembe. Mistari ya ufagio wa asubuhi ile ilikuwa bado inaonekana. Katikati yake kilisimama kile kidarubini, kimefutwa vumbi, kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha.

Msomaji usiyetoka kwetu unahitaji kuelezwa hapa. Kwa Wanyakyusa uwanja wa nyumba ni uso wa nyumba. Unafagiwa kabla watu hawajaanza kupita, na mgeni akikuta majani uani amekwishajua anachofikiriwa. Mama yule alikuwa amekabidhiwa mgeni wa heshima kuliko wote aliowahi kuwapokea, mgeni ambaye angemrudishia mwanawe, na akamfanyia kila alichofundishwa na mama yake mzazi. Alilima majani, akashindilia udongo, akafagia kila asubuhi. Na udongo mtupu ulioshindiliwa ndicho kitu kibaya kuliko vyote unachoweza kukiweka chini ya kipimo kama kile. Unashika moto jua likiupiga tu, unaipasha hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo inacheza. Yale majani ndiyo yaliyokuwa yakiituliza. Binti aliyaacha kwa makusudi, ila hakuwahi kumwambia mama yake kwa nini, kwa sababu kwake jambo hilo lilikuwa wazi mno kiasi cha kutohitaji kusemwa.

"Nilikitunza," mama alisema. "Nisingekiacha kwenye majani kama mbuzi."

Nilimtazama rafiki yangu. Aliutazama ule uwanja, akaitazama mikono ya mama yake, ambayo ufagio ulikuwa umeiacha na sugu. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama," akaingia ndani, akala ndizi na samaki alizopikiwa, akaomba aongezewe. Ni ndani ya gari, tulipokuwa tunapandisha kuelekea Tukuyu, ndipo aliponieleza yote, kwa sauti ya mtu anayesoma namba za simu. Nilimuuliza kama hawezi kuipelekea kamati zile namba za mwanzo peke yake. Aligeuka akanitazama kama vile nimemwambia avae miwani yenye matope. Aliipelekea kamati kila kitu, namba nzuri na namba mbovu, na maelezo ya ufagio. Kamati ilimjibu kwa adabu kwamba mahali ambapo vipimo vyake vimechanganyika hapawezi kulinganishwa na pengine. Mwaya ikaachwa. "Hata bila ufagio pengine tusingepita," aliniambia kwa simu. "Pengine tungepita. Hilo halitajulikana tena." Nikamuuliza amemwambia nini mama yake. "Nimemwambia ni mawingu. Mawingu ni mengi kwetu." Na akaniomba nisije nikasema vinginevyo. Nikamkubalia, kwa kuwa ilikuwa siri yake na mama alikuwa wake.

Nimeutafakari sana uwanja ule wiki hii, na ninaona hauko Mwaya peke yake. Katika nchi yetu tunawakabidhi watu vitu bila kuwaambia kitu hicho kinategemea nini. Tunampa mama chombo, tunamwambia kitunze, na tunakwenda zetu tukiamini kwamba kutunza kuna maana moja. Mhandisi anachimba kisima na kumkabidhi mwenyekiti ufunguo. Daktari anaandika vidonge na kusema asubuhi na jioni. Mtaalamu wa kakao anakuja na miche, anapigwa picha nayo, anaondoka. Kisha kitu kikiharibika tunasema watu wetu hawaelewi, wakati hakuna aliyekaa kwenye kigoda nusu saa akawaeleza. Na waliokabidhiwa nao hawaulizi, kwa sababu kumuuliza msomi sana ni kama kumkosea adabu, hata msomi huyo akiwa ni mtoto uliyemwogesha mwenyewe. Mama yule angeweza kuuliza, "Haya majani niyafanyeje?" Mwanawe angeweza kusema, "Mama, haya majani yana kazi." Maneno machache, kwa lugha waliyokuwa nayo wote wawili tangu siku ya kwanza. Huwa nakasirika nikifika hapa. Wiki hii hata hasira imekuja nusu nusu, imekaa kidogo, ikaondoka.

Mwili uliletwa kwa ndege mpaka Songwe, tukaupokea, tukateremka nao Kyela. Udongo wa kule chini una maji karibu, na wachimbaji walilazimika kuyateka kwa ndoo hadi dakika za mwisho, huku kwaya ikiimba ubeti mmoja mara nyingi ili kuwasubiri. Walikuja wazungu wawili waliofanya naye kazi, wakakaa kwenye viti vya plastiki wakiwa wamevaa makoti mazito kwenye joto lile, na mmoja akasema maneno yaliyotafsiriwa na mchungaji, kwamba marehemu aliona sehemu za jua ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona kabla yake. Watu wakaitikia amina. Mama hakulia. Akina mama wenzake walilia kwa niaba yake, kwa sauti zile za kwetu zinazopanda na kushuka, na yeye alikaa katikati yao akiuliza kama wageni wamepewa maji. Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Siku ya kuanua matanga, watu walipokuwa wanakula, mama alituma mtu aniite. Nilimkuta upande wa ziwa, amekaa kwenye kigoda. Pale palipokuwa na uwanja kulikuwa na miche ya kakao, haijafika kiunoni.

"Gwe mwanangu, kaa," aliniambia. Nikakaa chini. "Wewe ulikuwepo siku ile alipokuja kukichukua kile chombo. Nataka uniambie. Ni mawingu kweli?"

Nilimwambia kwamba Kyela mawingu ni mengi, mama anajua mwenyewe.

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza. Kiangazi kile nilianika kakao yangu mpaka ikaisha, sikuianua hata mara moja. Mawingu gani hayo yaliyomfikia yeye ng'ambo na mimi hapa sikuyaona?"

Ningeweza kumjibu. Mtu anayeishi kwa kuandika hakosi la kusema, na nilikuwa nimeahidi. Lakini aliyeniomba ahadi ile alikuwa ardhini, hatua chache kutoka pale, na aliyekuwa ananitazama alikuwa hai. Nikamweleza. Nikamweleza habari ya udongo na majani na hewa, taratibu, kama alivyonieleza mwanawe garini, na ikachukua muda mfupi sana. Nilipomaliza akasema neno moja, "Ufagio," nami nikamwambia, ndiyo, mama.

Kutoka upande wa pili wa nyumba tulisikia masufuria na mtu anacheka, mambo ya kawaida ya msiba unaokwisha.

"Wale wa kamati aliwaambia?"

"Aliwaambia yote, mama."

"Kwamba mama yake ndiye aliyefagia?"

"Aliandika kwamba mwenye nyumba alisafisha uwanja kwa kukiheshimu chombo."

Alitikisa kichwa polepole. "Wageni akawapa kweli," alisema. "Mimi akanipa mawingu."

Nilimwambia kwamba alimwonea huruma, kwamba aliiona ile mikono akashindwa. Hapo ndipo sauti yake ilipopanda kwa mara ya kwanza tangu nifike msibani.

"Huruma ya nini? Angeniambia! Ningemgombeza. Ningemwambia, wewe na kusoma kwako kote, umeshindwa kumwambia mama yako kwamba majani yana kazi? Nimekata kakao yangu, nimevunjika mgongo, na wewe ulikuwa na mdomo! Naye angenijibu, unajua alivyokuwa na mdomo kweli. Tungekasirikiana siku mbili tatu. Halafu ningempikia, tungekula, yangeisha. Sasa yote haya ninayo humu." Akajigonga kifuani kwa vidole. "Nimgombeze nani?"

Nilimuuliza kama ningeweza kuyaandika haya, akaniambia niandike, ila nisimtaje jina, na nisimfanye mwanawe mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetumia maisha yake yote kukataa picha yenye ukungu, akakataa hata pale ambapo ukungu kidogo ungemrudisha nyumbani, na mara moja tu akaukubali, kwa ajili ya mtu aliyempenda kuliko wote. Sote tunafanya hivyo, na tunaita heshima. Tunawaficha wazazi wetu majibu ya hospitali, ndoa zilizovunjika, kazi tulizofukuzwa, na makosa yao wenyewe yaliyotugharimu, tukidhani tunawabebea mzigo. Nilichokiona Mwaya ni kwamba mzigo ule hatuubebi. Tunauahirisha tu, na siku ukifika kwa mwenyewe anaupokea peke yake. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama kuna neno unamficha mzazi wako kwa kumhurumia, nenda ukamwambie wakati angali ana mtu wa kumgombeza.